Kidole kwenye Sura ya Kumi na Mbili

Kwa miaka tisa, tangu macho yake yazimike, kila kitabu alichosoma Geneviève kilipita kwanza kinywani mwa Valérie, mke wa kaka yake, na kila kitabu kilitoka humo kikiwa na ladha ya Valérie.

Si kwamba Valérie alikuwa mvivu. Alikaa kwenye kigoda uani, kule Nyakasanza, akasoma kwa sauti huku anachambua majani ya sombe, na hakuna siku aliyosema amechoka. Tatizo lake ni kwamba hakupenda kupoteza wakati. Mwandishi akianza kueleza milima, yeye aliruka.

"Hapa banaeleza mulima," alisema. "Mulima iko palepale. Tuendelee."

Watu wa kitabuni wakianza kupendana, Valérie alikohoa kurasa mbili nzima. Na katika vitabu vyote alivyosoma, hata kile cha wazungu waliopotea kwenye barafu, hakukosa kutokea dada wa mume aliyekuwa anamaliza sukari ya nyumba.

Geneviève alikuwa dada wa mume. Chai yake aliipenda tamu. Alisikiliza kitabu cha barafu hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Mama Caleb, ule dada alifika namna gani kule ku barafu?"

"Alifuata kaka yake," Valérie alijibu bila kutikisika. "Si njo vile banafanyaka?"

Mambo yangeendelea hivyo hadi uzeeni kama chama cha vipofu pale Mbunya hakingepata simu nane zinazosema. Mwenyekiti wa chama, Yves, ambaye hakuwahi kuona tangu kuzaliwa na hakuona sababu ya kulizungumzia jambo hilo, aliwafundisha wenzake kuzitumia. Unatelezesha kidole kwenye kioo, simu inataja kilichopo chini ya kidole. Ukigusa mara mbili, inafungua. Ndani ya simu kulikuwa na vitabu, na simu ilivisoma yenyewe, kwa sauti ya mwanamke mwenye Kiswahili cha mbali, cha watu wa redio, kila neno limepigwa pasi.

"Huyu mama hajawahi kula sombe," Geneviève alisema alipomsikia mara ya kwanza. Akasikiliza kidogo. "Lakini pia hajui sukari yetu imebaki kiasi gani."

Sasa, chama kilikuwa na desturi yake. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mmoja wao alitoa kitabu. Maana yake ni kwamba alisimama mbele ya wenzake saba akakisimulia chote, toka mwanzo hadi mwisho, kisha wakamhoji. Aliyekosea alirudi mkiani mwa orodha na kungoja miezi minane.

Geneviève alikuwa amekwisha kutoa vitabu viwili. Cha kwanza kilikuwa kile cha barafu. Alipofika kwa yule dada wa mume, mwenzake mzee Roger alicheka mpaka akateleza kwenye benchi, na ikabidi watu wamtafute chini kwa kupapasa. Cha pili kilihusu ufugaji wa nyuki. Alieleza vizuri mizinga, moshi na malkia, mpaka alipofika kwenye asali, ambayo yote, kwa mujibu wa kitabu, ilirambwa na dada wa mume usiku mmoja. Mara zote mbili alirudishwa mkiani.

Zamu yake iliporudi mara ya tatu, Geneviève aliapa moyoni. Safari hii kitabu kitaingia kwa sikio lake mwenyewe, bila kinywa cha mtu katikati. Kama si hivyo, afadhali asisimame kabisa.

Akachagua riwaya iitwayo *Mjane na Lori la Chumvi*, na wenzake nao, kwa desturi, wakaisikiliza kwenye simu zao ili wapate kumhoji. Ilikuwa habari ya mwanamke wa Aru aliyefiwa na mume, akarithi lori bovu, akaanza kusafirisha chumvi yeye mwenyewe kwenye njia mbaya. Wanaume wawili walimtaka: fundi wa magari mwenye maneno machache, na ofisa wa forodha mwenye maneno mengi. Siku ya Jumatatu Geneviève aliweka visikizi masikioni, akagusa mara mbili, na mama wa redio akaanza.

Katika sura ya pili kulikuwa na mlima. Ulichukua ukurasa mzima na nusu. Ulikuwa na ukungu shingoni, na moshi wa watu waliochoma majani upande mmoja, na njia nyekundu iliyoupanda kwa kuzungukazunguka. Geneviève aliurudia mara nne. Miaka tisa hakuna mtu aliyempa mlima.

Valérie alifagia uani karibu naye, mara tatu mahali pamoja.

"Mujane alifika wapi?" aliuliza.

"Iko ku mulima."

"Tangu asubuhi?"

"Ni mulima murefu, Mama Caleb."

Valérie akafagia tena. "Ile sauti yako inakuulizaka kama umechoka?"

"Hapana."

"Miye nilikuwa nauliza," Valérie alisema, akaenda kuweka maji motoni kwa kelele nyingi kuliko maji yalivyohitaji.

Hadi Alhamisi Geneviève alikuwa amemaliza sura kumi na moja. Mwisho wa sura hiyo ulimwacha amekaa wima kama mtu aliyeitwa jina. Lori limezama kwenye matope mbele ya daraja, magunia ya chumvi yako juu, mvua inaanza kunyesha, na pale darajani wamesimama wote wawili, fundi na ofisa wa forodha, kila mmoja na kamba yake mkononi. Geneviève alitelezesha kidole kwenda sura ya kumi na mbili.

"Picha," alisema mama wa redio. "Haina maelezo."

Akatelezesha tena.

"Picha. Haina maelezo."

Mara nane alitelezesha, na mara nane alipewa jibu lilelile, kwa adabu ileile. Baada ya hapo kitabu kiliisha.

Alimpigia Yves.

"Njo vile," Yves alisema. "Kwangu pia. Bale batu bakuandika kitabu ku simu baliandika maneno mpaka sura ya kumi na moja. Kisha balichoka. Ile ya mwisho bakapiga tu picha ya kurasa."

"Lakini maneno iko ndani ya picha?"

"Iko. Ila simu haijui. Kwa simu, ukurasa ya picha na picha ya mbuzi ni kitu kimoja. Nilijaribu ile programu ya kutoa maneno ndani ya picha. Picha zimepinda sana. Ilinipa herufi kama mutu anapiga chafya."

Geneviève akakaa na simu mapajani. Jumamosi ilikuwa keshokutwa. Sura kumi na moja ziliingia safi, hazikuguswa na mtu, na ya kumi na mbili, yenye jibu la kila kitu, ilikuwa mbuzi.

Ijumaa asubuhi alijisalimisha. Valérie alipoitwa, alifuta mikono kwenye kitenge, akavuta kigoda, akasafisha koo kwa furaha ambayo hata kipofu aliiona. Akasoma. Mvua ilikuwa mvua. Fundi na ofisa wa forodha walisimama pembeni. Kisha, toka upande wa pili wa daraja, akatokea dada wa marehemu mume, akapiga magoti kwenye matope, akaungama habari ya kilo nne za sukari.

Geneviève alichukua simu yake. Alikuwa amesikia sura kumi na moja kwa sikio lake, na marehemu hakuwa na dada. Alizaliwa peke yake; ilisemwa wazi katika sura ya kwanza.

Akaenda kwa jirani, shemasi Osée, mtu mwema ambaye hajawahi kukutana na jambo lisilo na somo ndani yake. Osée alichukua simu, akaisogeza mbali na macho, akasoma kwa sauti ya ibada. Kwake mto ule chini ya daraja haukuwepo bure. Fundi alibatizwa. Ofisa wa forodha alibatizwa, akalia. Hata konvoyeri, yule utingo wa lori, ambaye tangu mwanzo alikuwa Mkristo mzuri tu, alibatizwa tena kwa sababu alikuwa amekwisha kulowana.

Mchana, kaka yake Donatien alirudi kula. Geneviève alimpa simu. Donatien alizitazama kurasa nane kwa muda wa kumeza tonge moja la fufu.

"Lori ilitoka," alisema.

"Ilitoka namna gani?"

"Ilitoka tu, dada."

Kwa hiyo siku ya Jumamosi Geneviève alipanda moto, yaani pikipiki, kwenda Mbunya, Valérie nyuma yake, akiwa na mlima mmoja mzuri kichwani na miisho mitatu asiyoiamini hata mmoja. Njia nzima alifikiria. Angeweza kuchukua mwisho wa Osée. Ulikuwa na heshima. Angeweza kuchukua wa Donatien, kwa kuwa mtu akisema kidogo anadanganya kidogo. Lakini huo ungekuwa tena kinywa cha mtu.

Chumba cha chama kilikuwa na mabenchi mawili na meza. Wasindikizaji, yaani wale wenye macho, walingoja nje chini ya dirisha. Siku hiyo walikuwa Valérie, Camille, ambaye ni mkamwana wa mzee Roger, na shemasi Osée, aliyekuja bila kuitwa kwa kuwa alisikia kitabu kimegeuka cha kiroho.

Geneviève alisimama. Alitoa sura kumi na moja, na hakuna aliyekohoa. Mlima aliutoa wote, pamoja na ukungu wake. Alipofika darajani, na kamba mbili, na mvua, mtu mmoja kwenye benchi alivuta pumzi na kusahau kuiachilia.

"Na sura ya kumi na mbili?" Yves akauliza.

Geneviève akasimika fimbo yake sakafuni.

"Sura ya kumi na mbili inasema hivi," alisema. "Picha. Haina maelezo. Mara munane. Kitabu yangu inaishia pale."

Mzee Roger alikuwa wa kwanza kusema. Zamani, kabla ya macho kumwacha, alifanya kazi ya forodha kule Aru, na hadi leo aliongea kama mtu mwenye mhuri mfukoni.

"Hajamaliza kitabu," alisema. "Orodha iko wazi. Anarudi nyuma, na anayefuata ni miye. Na kwa bahati nzuri miye ile mwisho niko nayo."

"Tupe, papa," Yves akasema.

Roger alikohoa. "Ofisa wa forodha alitoa kamba yake, akavuta lori peke yake. Serikali ikasikia. Akapandishwa cheo, akapewa nyumba ya matofali na bendera mbele. Fundi akabaki kumupigia makofi."

"Hapana," alisema mwingine kwenye benchi. "Kwangu ofisa alianguka ku mto."

"Kwangu walikula mbuzi," alisema wa tatu. "Walikula toka mwanzo wa sura mpaka mwisho. Lakini bibi yangu alikuwa nasoma huku napika."

"Kwangu ilikuwa ndoto yote. Mujane aliamka."

Kila mtu alikuwa na wake. Watu wanane, simu nane, na ukihesabu ile mitatu ya Geneviève, miisho kumi. Kila mmoja alikuja ameukumbatia wa kwake akidhani wengine wamekwama.

"Papa Roger," Geneviève aliuliza, "nani alikusomea?"

"Camille. Bibi ya mutoto wangu. Ule hasemi uongo."

Wote walisikia dirisha likiguswa na kiwiko. "Papa," ilisema sauti ya Camille toka nje, taratibu, "kama ningelisema ofisa alifukuzwa kazi, ungelikula ile jioni?"

Mzee Roger akageukia dirishani. "Alifukuzwa?"

"Sisemi vile. Nauliza tu juu ya chakula."

Geneviève alikuwa bado amesimama. Aligonga sakafu kwa fimbo yake, mara moja, na yeye mwenyewe alishangaa jinsi chumba kilivyotulia.

"Waingie," alisema. "Wenye macho wote waingie ndani."

Wakaingia, wakijikunja kama watu walioitwa na mwalimu. Geneviève akawakalisha mezani, bega kwa bega, Valérie upande huu, Camille upande ule, Osée katikati, simu moja mbele yao. Sheria aliitoa hapohapo. Mmoja atasoma mstari. Wengine wawili wataangalia mstari huohuo. Wote watatu wakikubali, Yves ataandika kwenye simu yake, na simu ya Yves itarudia kila neno kwa sauti, ili chumba kizima kijue kilichoandikwa ndicho kilichosemwa.

"Na mimi?" akauliza Roger.

"Weye utakaa karibu na Camille, ili asikuhurumie."

Valérie akaanza. "Mvua ilinyesha..." Akasita. "Ilinyesha tu."

"Hapana, mama," Osée akasema, "hapa kuna mistari kumi ya mvua."

"Ni mvua, shemasi. Itatuletea nini?"

"Mistari kumi," Geneviève alisema. "Nataka matone yote."

Valérie akasoma matone yote, kwa uchungu wa mtu anayelipa ushuru. Ikaja zamu ya Osée.

"Ndipo fundi akaingia mtoni, akaoshwa..."

"Akaosha spana," Camille akasema. "Iko imeandikwa spana."

"Spana pia ni alama ya kitu," Osée alinung'unika, lakini Yves alikuwa amekwisha kuandika, na mama wa redio akatangaza, "Spana."

Wakaenda hivyo. Ofisa wa forodha alipoteleza kwenye matope na kofia yake ikachukuliwa na maji, Camille alisoma kwa sauti ndogo sana, na mkono wa mkwewe ukatafuta ukingo wa meza. "Kofia tu?" aliuliza. "Kofia tu, papa." Mzee Roger akasema kofia si neno, serikali inatoa nyingine. Mara mbili Valérie alijaribu kumvusha mwanamke fulani darajani, na mara mbili wenzake walimrudisha.

"Hapo hakuna mutu, Mama Caleb."

"Nilidhani naona kilemba."

"Ni doa."

Na hivyo, mstari kwa mstari, Geneviève aliupata mwisho wake. Hakuna kamba iliyolitoa lori. Mjane alipanda juu, akaanza kushusha magunia mwenyewe, na watu wa kijijini wakaja kumsaidia wakiwa na majani ya migomba vichwani. Chumvi nusu iliyeyuka. Wale waliobeba walilamba midomo wakacheka. Lori lilipokuwa tupu, likapumua, likatoka. Ndipo fundi, mtu wa maneno machache, akamsogelea mjane aliyekuwa amelowa hadi mifupani, akamuuliza kama atakubali kuolewa naye.

"Mujane akamuangalia," Valérie alisoma, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Alikuwa amesahau kuruka. "Akamujibu..."

Akaileta simu karibu na macho.

"Akamujibu nini?" Geneviève akauliza.

"Kuna kidole."

"Kidole cha nani?"

"Ya mutu mwenye kupiga picha. Ameweka kidole ku kurasa. Kikubwa, na kucha. Jibu yote iko chini."

Wenye macho watatu wakainamia simu. Wakaigeuza. Osée akajaribu kuikuna kwa ukucha wake.

"Alikubali," Valérie akasema. "Mwanamke amelowa vile, atakataa namna gani?"

"Alikataa," Camille akasema. "Ametoka kupata lori, aongeze mume?"

"Alisema kwanza tuombe," Osée akasema.

"Na baada ya kidole?" Geneviève akauliza. "Mstari unaofuata unasemaje?"

Wakakubaliana haraka, kwa kuwa ulikuwa mfupi, Valérie akausoma: "Akawasha lori, akaenda, kwa kuwa kesho ilikuwa siku ya soko."

"Peke yake?"

"Haisemi."

Yves alikuwa ameshika simu. "Niandike nini pale? Ndiyo, ao hapana?"

Chumba kizima kikaanza kusema pamoja. Mbuzi akarudi, na ndoto, na ubatizo. Mzee Roger alipendekeza mjane alikuwa anamngoja ofisa arudi na kofia mpya. Geneviève aliwaacha kidogo, kisha akagonga fimbo.

"Andika: hapa kuna kidole."

Yves akaandika. Mama wa redio akarudia, kwa adabu yake yote, bila kujua amesema nini: "Hapa kuna kidole."

Geneviève akageukia mabenchi, akatoa sura ya kumi na mbili toka mwanzo, kama alivyoisikia. Matone yote, spana, kofia, chumvi kwenye midomo ya watu, swali la fundi. Alipofika kwenye jibu akasema, "Hapa kuna kidole," kisha mjane akawasha lori, akaenda. Geneviève akakaa.

Ikafika saa ya maswali. Mzee Roger aliinua mkono, akakumbuka hakuna wa kuuona, akasema tu.

"Chini ya kidole kuna nini?"

"Sijui," Geneviève alijibu.

"Mutoaji wa kitabu lazima ajue."

"Waulize wale watatu mezani. Bako na macho sita."

Mzee Roger akageuza uso upande wa meza, akangoja. Ilisikika tu sauti ya Valérie, akiwa bado ameinamia simu, akinong'ona, "Camille, sogeza kidogo mwangaza, pengine upande huu."

"Sawa," Roger akasema hatimaye. "Amekitoa. Nani anafuata?"